Ombi la Kuufunga Mto Hadi Nimalize Shule

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari za Mtoni kwa Boti za Mpira.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu aliyeandikishwa kwenye safari yenu. Siwezi kusema sikuulizwa. Niliulizwa, nikanyamaza, na nyumbani kwetu kunyamaza kwangu huhesabiwa ni ndiyo.

Kabla sijalalamika, nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: kila asubuhi nikipiga mswaki ninaombea mto wenu ukauke. Siombi kwa chuki. Samaki wabaki na madimbwi yao, na mashamba ya watu yasidhurike. Naomba pakauke pale tu mnapopitishia boti.

Barua hii naiandika chumbani, nimeifunika kwa kitabu cha jiografia kilichofunguliwa kwenye sura ya mito, ili mtu akiingia ghafla anikute nasoma habari za mito, jambo ambalo si uongo. Mistari ikipinda uniwie radhi. Nimeinua kitabu kwa kiwiko.

Nieleze hali ilivyo. Mama yangu ni mkunga katika wodi ya wazazi. Amepata kazi ya miaka miwili katika hospitali ya nchi nyingine, na kila aliyesikia amempa hongera, hata mimi, kwa kuitikia kwa kichwa. Mimi nitabaki na mama mdogo, ambaye ameshahamia kwetu na vikopo vyake vya rangi, maana anafanya kazi kwenye duka la rangi za nyumba. Kila kitu kilikuwa tayari, mpaka siku mama aliporudi na kipeperushi chenu, akakibandika mezani kwa kiganja na kusema: "Siondoki kabla sijapita kwenye maji haya na mwanangu. Tukishapita, hapo nitapanda ndege moyo umetulia."

Ndugu Meneja, wewe ni mtu wa biashara, utaniona nilivyofikiri. Tukishapita, anaondoka. Tusipopita, haondoki. Kwa hiyo safari ya mama yangu haiko mikononi mwa shirika la ndege wala mwa hospitali iliyomwajiri. Iko mikononi mwako. Ndiyo maana nimeona nisimsumbue mtu mwingine, na malalamiko yangu nayaleta kwako kama ifuatavyo:

1. Picha ya kwenye kipeperushi. Mmeweka mzazi na mtoto wake wa rika langu, wamekaa mbele ya boti, maji yamewarukia usoni, na wote wawili wameachama. Kijana yule ameachama kiasi kwamba daktari wa meno angeweza kumaliza kazi yake yote bila kumwambia apanue. Mbele yao kuna mbwa aliyevaa jaketi la kuokolea maisha, naye anaonekana kutulia kuliko mimi ninavyotulia nikiitwa ubaoni. Sipingi kwamba walifurahi. Ninachopinga ni kwamba mmewaonyesha wakiwa majini tu. Hamkuwaonyesha wakitoka, wakikausha nywele, wakiagana. Mteja hawezi kujua nani alirudi nyumbani na nani. Huo ni upungufu mkubwa katika tangazo la biashara.

2. Sharti la kuitikia kwa sauti. Mmeandika kwamba kiongozi wa boti akitoa amri, kila aliyemo lazima aitikie kwa nguvu ili ajulikane kuwa amesikia. Mama aliposoma hapo alifurahi kama mtu aliyepata dawa iliyokuwa imeadimika mjini. Ameshahangaika nami sana, mama wa watu. Shuleni nimewahi kuandikwa sikufika, nami nimekaa mstari wa mbele, kwa sababu mwalimu hakunisikia nilipoitika. Mama mdogo huniita Mnong'ono. Kwa hiyo mama aliona hatimaye amepata mahali ambapo kunyamaza ni kuvunja sheria.

Basi tangu hapo sebule yetu imekuwa mto. Sofa ndiyo boti. Mama hukaa nyuma, juu ya mkono wa sofa, ameshika fagio la kudekia. Mimi hukaa mbele na mwiko wa ugali. Mama mdogo ndiye maji: husimama nyuma ya sofa akaitikisa, na kila nikijisahau hunirushia maji ya kikombe, bila kosa lolote, eti mto hautoi taarifa. Mama hupiga kelele, "Mbele!" Nami huitikia, "Mbele." Hapo husimamisha boti nzima na kuuliza, "Mdogo wangu, aliyejibu ni mwanangu au ni mbu kapita?" Mama mdogo hujibu kwamba kwa upande wa maji hakuna kilichosikika.

Naomba uelewe kwamba sauti ya mama yangu ni sauti ya wodini. Imezoea kupenya kwenye vilio vya watu. Akisema "Pumua kwanza, mengine baadaye!" hata jirani wa chini hupumua. Jirani huyo ni mzee mstaafu anayeishi peke yake, na ana fimbo ya kugongea dari pale tunapozidi. Juzi sofa ilivunjika mguu tukiwa katikati ya mawimbi makubwa. Akapanda ngazi, akasimama mlangoni na kuuliza kwa upole, "Nimesikia mnasukuma vyombo. Mnahama?" Mama akasema hapana, tunapiga makasia. Yeye akasema, "Aa," akashuka. Lakini lile swali lilibaki sebuleni, na siku hiyo hatukuendelea na mazoezi.

3. Lugha ya kipeperushi. Mlikiandika kwa ile lugha nyingine, ile ninayosomea hesabu na sayansi, wala hamkuweka Kiswahili. Kwa kuwa nasoma kwa lugha zote mbili, mama alinipa niwatafsirie yeye na mama mdogo. Hili ni lalamiko kwa sababu mlinitia majaribuni. Palipoandikwa kwamba waongozaji wenu wana uzoefu wa miaka mingi, nilisoma kwamba wanajifunza taratibu na wana nia njema. Palipoandikwa kwamba kila mtu atapewa helmeti, nilisoma kwamba helmeti zipo ila watu wapokezane. Mama alikuwa akisema tu, "Mhm, endelea." Akauliza, "Na hapo chini ya mbwa, wameandika nini?" Nikasoma kwamba mbwa huyo wanamshukuru kwa utumishi wake, na ikiwa kuna mtu aliyemwona, awajulishe.

Mama alishikwa na kikohozi, akaenda jikoni, akakohoa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa na machozi, akasema, "Watu jasiri hawa. Lazima twende." Mnaona wenyewe: mama yangu ni mtu ambaye hatishiki hata kwa maelezo ya uongo. Mtu wa namna hiyo hafai kupewa boti.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilihusu majaketi ya kuokolea maisha, kwamba yanabana na kumfanya mtu aonekane kama godoro lililokunjwa. Mama aliazima moja mahali, nikalijaribu mbele ya kioo mlango ukiwa umefungwa. Linanikaa vizuri.

5. Tarehe. Hapa nalalamika kwa niaba ya dada wenu wa mapokezi, ambaye ni mpole kupita kiasi na anastahili likizo. Mama alimpigia simu akataka tuje katika mwezi wa mvua kubwa. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nilisikia. Dada akasema, "Mama, mwezi huo mto unafurika, boti haziingii majini." Mama akasema, "Basi tuandikie huo huo, mwanangu." Dada akaeleza tena kwamba hakuna safari. Mama akashukuru sana na kukata simu. Wiki iliyofuata akapiga tena, akataka mwezi wa kiangazi kile kikali. Dada akamwambia mwezi huo maji hayafiki magotini, boti hukwama kwenye mawe na wateja hutembea. Mama akasema, "Huo ndio unaotufaa." Mara ya tatu aliomba wiki ambayo mnafunga ofisi ili kutia viraka boti zenu, na alionekana kuipenda kuliko zote.

Ndugu Meneja, mwanamke huyu akimwona mjamzito anavyotembea kutoka getini anaweza kukwambia atajifungua kabla ya chakula cha mchana au baada. Lakini kuchagua mwezi wenye maji ya kiasi kumemshinda. Mimi sikumsahihisha. Ila nimeanza kuwa na hofu kwamba kwa jinsi anavyobahatisha, siku moja atapatia kwa bahati mbaya, na dada wenu, kwa furaha ya kupata tarehe inayowezekana, atatuandika hapo hapo.

6. Makabidhiano. Jambo hili halijatokea mtoni, lakini chanzo chake ni mto, kwa hiyo nalileta.

Wodini kwa kina mama, mtu haondoki zamu kwa kuvua koti tu na kwenda zake. Anayetoka na anayeingia husimama pamoja miguuni pa kitanda. Anayetoka hueleza habari zote za mgonjwa, mgonjwa mwenyewe akisikia, na zamu haijaisha mpaka anayeingia aseme kwa sauti, "Nimepokea." Asiposema, wa kwanza habanduki, hata kama wanawe wanamsubiri nyumbani. Ninajua, maana nimekuwa mmoja wa wanaosubiri.

Sasa mama ameanza kunikabidhi. Asubuhi nikifumbua macho nawakuta wamesimama miguuni pa kitanda changu, yeye na mama mdogo, kama vile nimelazwa. Mama husema: "Huyu akiamka usimsemeshe mpaka anywe chai. Chai yake itolewe utandu wa maziwa, asiuone hata ukipita. Akisema 'sijambo' mara mbili mfululizo, ana jambo. Mbele za watu usimwite kwa nguvu, mguse bega. Akikuandikia karatasi na kuiacha mezani, na wewe mjibu kwa karatasi, usimfuate chumbani. Akifunga mlango muache. Akiufunga polepole sana, gonga." Nami nimelala hapo na kuangalia dari. Sikujua kwamba kuna mtu aliyekuwa amegundua ule mlango wa polepole.

Kisha mama humgeukia mama mdogo na kumngoja. Mama mdogo hujikuna rangi iliyokaukia kwenye vidole, halafu husema, "Nitapokea kesho, dada. Leo nimechelewa kazini." Kesho yake naye ana jino linalomuuma. Amekuwa na visingizio vingi kuliko mimi kabla ya mtihani, na kila mara nikimsikia akikataa kunipokea nampenda zaidi. Lakini mama mdogo si mtu wa kunyamaza muda mrefu. Atakuja kusema.

7. Sheria yenu ya mzazi. Hili ndilo lalamiko kubwa. Mmeandika kwa herufi nene: kijana yeyote ambaye hajafikisha umri wa utu uzima haruhusiwi kuwa mtoni bila mzazi wake, na mzazi akae mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto.

Nimeisoma sheria hii mara nyingi. Ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma, na ndiyo maana inaniudhi. Kwa nini mmeikomesha ukingoni? Mtoni kuna hatari, sawa, lakini mtoni kuna helmeti, jaketi, kamba, kiongozi na mbwa mwenye uzoefu. Nchi kavu hatupewi hata kamba. Kuna siku ya matokeo. Kuna siku utasimamishwa usome mbele ya darasa. Kuna mikutano ya wazazi ambako kila kiti kina mtu wa mtu. Kuna homa za usiku, na kuna meza ya chakula yenye upande mmoja mtupu. Huko kote mnaruhusu mzazi akae ambapo mkono wake haufiki, hata kwa ndege? Kampuni inayojali usalama haiwezi kumlinda mtoto majini kwa muda wa mchana mmoja, halafu ikamtoa ukingoni, ikamvua jaketi na kumwambia mzazi wake, haya, sasa unaweza kwenda nchi nyingine.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mchague mojawapo kati ya haya. Kwanza, mkatae kabisa maombi ya mama yangu, kwa sababu yoyote mtakayoona inafaa. Mnaweza kusema ana sauti inayobomoa kingo. Hilo likishindikana, muwe mnaahirisha, taratibu, msimu hadi msimu, mpaka nimalize shule. Nalo likishindikana, mto wenyewe ufungwe. Najua hapo nimeomba jambo kubwa, lakini barabara hufungwa, viwanja hufungwa, na hata mtaa wetu ulifungwa mwaka mzima kwa ajili ya mtaro mmoja. Mkiweka kibao na utepe, watu watazoea.

Na kama yote hayo hayawezekani, basi ile sheria ya mkono ifanyiwe kazi nchi kavu pia, na msimamizi wake awe wewe. Nitakuwa wa kwanza kuitikia kwa sauti.

Ninatumaini utalishughulikia ombi langu kwa haraka ile ile ambayo maji yenu yanasemekana kuwa nayo. Mnisalimie dada wa mapokezi, na mwambieni si yeye mwenye makosa. Wasalimieni waongozaji wote na mniombee msamaha kwao, maana niliwasingizia kuhusu uzoefu. Salamu pia kwa yule mzazi na yule kijana wa kwenye picha, popote walipo, pamoja au mbalimbali. Mbwa mpapaseni.

Wako mtiifu, nikiwa bado mkavu,
Mnong'ono

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaweka jina langu hapo juu niliposikia nyayo kwenye ukumbi. Ni ndala za mama, zile anazotembea nazo akirudi kutoka kazini, zinazoburutika kidogo upande wa kulia. Nilinyanyua kitabu cha jiografia ili nifunike. Halafu nikafikiri kwamba barua yote hii imeandikwa kwako, mtu nisiyekujua, na anayepaswa kuisoma ndiye huyo anayekuja. Nikakifunga kitabu, nikakiweka pembeni.

Mama aliisoma akiwa amesimama, bado na koti la kazi. Alipofika kwenye mbwa alipata kile kikohozi chake, nikagundua hakikuwa kikohozi. Akachukua kipeperushi, akanisomea yeye mwenyewe kwa ile lugha nyingine, bila kukwama. Akaniuliza, "Na maboksi ya dawa kule wodini unafikiri huwa nani ananitafsiria?" Chini ya mbwa wameandika tu jina lake, na kwamba anapenda watoto.

Alipofika kwenye tarehe alikaa kitandani. Akasema, "Ulidhani mama yako hajui mwezi wa maji? Nilisema mwenyewe siondoki kabla ya mto, halafu nikawa nautafuta ule mwezi ambao mto haupo." Kumbe boti ile ilikuwa haiendi kwa sababu wote wawili tulikuwa tunapiga kasia kurudi nyuma, kila mtu akimficha mwenzake.

Kisha akainuka, akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kama anamaliza zamu. Nikadhani ananikabidhi tena. Lakini chumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kupokea. Akasema: "Huyu ni mama mmoja. Hajui kuogelea. Anaogopa maji, na ndege anaiogopa zaidi, hajamwambia mtu. Akipiga kelele sana, ujue ana hofu. Akikupigia simu na kukuuliza umekula nini, hajauliza habari za chakula. Usimjibu kwa karatasi, karatasi haifiki huko. Mjibu kwa sauti, hata kama ni neno moja." Akaningoja. Macho yake yalikuwa kwenye koti, anahesabu vifungo, na kila mtu anajua zamu haiishi mpaka neno lisemwe.

Nikasema, "Nimepokea." Akasema hajasikia, ni mbu. Nikasema tena, Ndugu Meneja, kwa sauti ambayo sikujua naishi nayo. Mama mdogo ameacha kijiko kikaanguka jikoni.

Kwa hiyo naomba upuuze malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, isipokuwa la nne ambalo lilishafutwa. Tuandikieni siku ya karibuni ambayo mto uko wazi, nafasi mbili za mbele, tukae mahali ambapo mikono inafikiana. Mama mdogo atakuja kukaa ukingoni, anasema angalau mara moja anataka kuona maji yakifanya kazi bila yeye. Yale maombi ya mswaki nitayaacha kuanzia kesho, ingawa maji yakichelewa kidogo nisilaumiwe.

Jirani wa chini amegonga dari. Mama anasema hiyo ndiyo sahihi ya shahidi.